Tulipojifunza Kushika Demani

Jioni ya leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wa pwani hudhani kila mtu analijua, na watu wa bara hudhani haliwahusu kamwe. Nalo ni kuendesha chombo kwa tanga. Hatutasema habari za majahazi makubwa ya biashara, wala za wavuvi watokao alfajiri kutafuta riziki zao. Tutasema habari za marafiki wanne waliopanda mashua ndogo kwa kujifurahisha, mwanzo wa demani, katika mji wa Lamu. Marafiki hao ni sisi wenyewe. Mengine katika haya twayasimulia kwa furaha, na mengine twayasimulia kwa haya. Lakini yote yana mafunzo.

Kwanza yatupasa kueleza majira, maana mtu asiyejua majira hawezi kujua tanga. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba mpaka Machi, nayo hutoka upande wa Arabuni na Bara Hindi. Kusi huanza mwezi wa Aprili, hupata nguvu zake zote Juni na Julai, kisha hulegea kuelekea mwisho wa Agosti. Kwa pepo hizi mbili watu walisafiri tangu zamani sana. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 kwa chombo cha tanga; na mwaka 1498 Vasco da Gama alipewa rubani Malindi, akavushwa na kusi mpaka Calicut katika Bara Hindi kwa muda usiotimia mwezi mmoja. Upepo ule ule ufanyao safari ndefu kuwa fupi, ukizidi nguvu huizuia mashua ndogo isitoke hata nje ya bandari. Kwa hiyo katika miezi ya kusi kali, mashua nyingi ndogo hupandishwa pwani, hupumzishwa. Kusi ikilegea, bahari ikawa laini, wazee husema, "Demani imeingia." Hapo ndipo vyombo hushushwa tena, na vijana hupata hamu ya maji.

Mashua tuliyoipanda haikuwa yetu. Ilikuwa mali ya mzee mmoja, baharia wa siku nyingi, aliyekuwa akivusha abiria na kuchukua mizigo midogo kati ya mji na Shela na kisiwa cha Manda. Hakuwa na shamba wala duka. Mashua ile ndiyo iliyokuwa shamba lake na duka lake. Tulipomwendea tukasema, "Shikamoo, mzee. Twaomba utufundishe tanga," alitutazama mmoja mmoja, kisha akajibu, "Marahaba, wanangu. Tanga hujifunzwa tangu chini ya mkuku. Njooni kesho asubuhi, na nguo za kuchafuka."

Basi wiki nzima hatukuona tanga hata kidogo. Tulikwangua magamba ya bahari yaliyoshika chini ya mashua. Tulisaidia kutia kalafati, yaani kuziba nafasi za mbao kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Tulipaka mbao sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake haitoki mwilini kwa siku tatu, hata jamaa zetu wakatukataza kuketi karibu nao wakati wa chakula. Tulikunjua tanga, tukalitandika mchangani, tukatafuta kila mahali palipoliwa na panya au palipooza kwa ukungu, tukashona. Mmoja wetu alinung'unika kwamba alikuja kujifunza ubaharia, siye fundi wa nguo. Mzee akasema, "Shimo la kidole pwani ni mlango wa nyumba baharini." Tukanyamaza, tukashona.

Katika sisi wanne, watatu ni wazaliwa wa pwani. Wa nne alikuwa mwalimu wa skuli, mtu wa bara, aliyezaliwa milimani mahali ambapo mto mkubwa kabisa mtu huuvuka kwa kuruka. Hakujua jina la kamba hata moja. Sisi watatu tulimcheka kidogo, kwa mapenzi, jinsi watu wa mahali wanavyomcheka mgeni. Yeye hakukasirika. Alichukua daftari, akaandika kila neno alilolisema mzee. Nasi twayaeleza maneno hayo hapa, ili ninyi mlio mbali na bahari mpate kufuata.

Mti usimamao katikati ya mashua ni mlingoti. Mti mrefu ulalao mshazari juu ya mlingoti, nao hushika tanga, ni foromali. Kamba ya kutwekea foromali ni henza. Pembe ya tanga iliyo mbele hufungwa upande wa omo, yaani kichwa cha chombo, nayo huitwa joshi. Pembe ya nyuma ina kamba ivutwayo na mkono wa mtu kutoka upande wa tezi, nayo ndiyo demani. Jina hili ni moja na jina la majira, na mzee alisema si ajabu, maana vyote viwili huleta raha vikitumiwa kwa adabu. Upande utokao upepo huitwa pia upande wa joshi, na upande uendako upepo ni upande wa demani. Usukani hugeuzwa kwa mti mfupi uitwao kana. Na chini kabisa, juu ya mataruma, hutiwa farumi, yaani uzito wa mchanga au mawe wa kuituliza mashua isipinduke.

Kisha alitufundisha siri ya tanga, nayo ni hii. Upepo ukitoka nyuma, kila mtu ni nahodha. Tanga hujaa, chombo huenda. Lakini upepo ukitoka mbele, chombo hakiwezi kuuelekea moja kwa moja. Tanga hupigapiga kama nguo kambani, na mashua husimama. Basi hapana budi kubisha. Kubisha ni kwenda mshazari, upepo ukipiga shavu la mashua, demani imevutwa sana. Halafu kugeuza na kwenda mshazari kwa upande wa pili. Halafu kugeuza tena, kama mtu apandaye mlima mkali kwa njia ya kupindapinda. Hapo mwalimu wetu wa bara aliinua kichwa katika daftari lake akasema, "Jambo hili nalijua. Hivyo ndivyo tupandavyo na mizigo kwetu." Mzee akacheka, akasema, "Basi wewe umekwisha kuwa nusu baharia."

Kugeuza kwenyewe si kazi ya kubahatisha. Katika mashua za tanga la pembe tatu kama ile, mzee alipenda tupindue kwa damalini, yaani kwa kuupa upepo mgongo. Mshika kana huacha omo iende na upepo. Mshika demani huilegeza. Foromali husimamishwa wima karibu na mlingoti. Tanga huzungushwa mbele ya mlingoti mpaka upande wa pili. Joshi hufungwa upya. Na demani huvutwa tena. Watu wanne wakijuana, kazi hii huisha kwa muda wa kusema salamu. Watu wanne wasipojuana, kamba hufunga miguu yao, na foromali huwagonga vichwa. Sisi tulifanya jambo hili pwani, mashua ikiwa mchangani, mara ishirini au zaidi, na watoto wa mtaa wakitutazama na kutushangilia kila tulipokosea.

Siku ya saba mzee aliona tumefaa kwenda peke yetu. Alituita, akatupa amri nne. Ya kwanza: "Tokeni na maji yanayotoka, rudini na maji yanayojaa." Katika bandari ya Lamu maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu futi kumi, na mkondo wake una nguvu kuliko kasia za watu wanne. Ya pili: "Msipite Shela. Mlangoni mwa bahari maji yatokayo hupigana na upepo wa kusi, na mawimbi husimama kama ukuta." Ya tatu: "Kisu kiwe karibu na mshika demani." Na ya nne aliisema mara mbili, akimtazama kila mmoja wetu: "Demani haifungwi. Demani hushikwa. Kamba iliyo mkononi husikia upepo. Kamba iliyofungwa ni kiziwi."

Tulitweka tanga alasiri, maji yakiwa yamebakiza saa mbili kukauka. Kusi ilikuwa nyororo. Mkondo ulitusaidia kwenda kusini, nasi tukabisha, mara tukikaribia pwani ya mji, mara tukikaribia mikoko ya Manda. Wasikilizaji, hatuwezi kuieleza furaha ile ikatosha. Hapana mlio wa mashini, wala moshi, wala mafuta. Kuna sauti ya maji chini ya ubao, na kamba ikivutavuta mkononi kama mbuzi mwenye nguvu. Tulipindua mara ya kwanza kwa makelele mengi. Mara ya pili kwa makelele machache. Mara ya tatu hatukusema neno, kila mtu alijua mahali pake. Tulipoona vilima vya mchanga vya Shela vinang'aa kwa jua, tulijiona kuwa mabaharia kamili.

Na mtu akijiona kuwa kamili, hapo ndipo huanza kupungua. Mmoja wetu alikuwa ameshika demani kwa muda mrefu, na viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Aliizungusha kamba katika kigingi, akaikaza kwa fundo, akakaa kitako akafungua mkoba wa chakula. Hatutasema ni nani. Tunaacha kumtaja si kwa kumsitiri tu, bali kwa sababu sisi sote tulimwona. Wawili kati yetu tuliozaliwa pwani tulimwona, tukanyamaza, kwa kuwa hatukutaka kumwaibisha rafiki mbele ya mgeni. Mwalimu naye alimwona. Alitutuliza macho sisi wenyeji, akaona hatusemi kitu, akadhani labda amri ya mzee ina ruhusa asiyoijua yeye.

Wingu lilitoka baharini, dogo, jeusi chini yake. Mbele ya wingu maji yalibadilika rangi, yakawa kama slate iliyopanguswa kwa kitambaa kibichi. Sasa twajua kwamba rangi ile ni upepo unaokuja, na ya kuwa mtu huwa na nafasi ya kuvuta pumzi kama kumi tu. Siku ile tuliitazama kama watu watazamao picha. Upepo ulipotupiga, mashua ililala upande wa demani. Maji yakaingia juu ya ubao. Mifuko ya mchanga iliteleza ikaenda upande ule ule, ikazidi kuilaza. Aliyefunga demani alirukia fundo, lakini kamba ilikuwa imelowa na kukazwa na tanga, na vidole vyake havikuweza kitu. Mshika kana alijitahidi kuielekeza omo penye upepo, walakini chombo kilicholala hakisikii usukani. Mmoja wetu alipiga kelele, "Ruka!" Mwingine, "Usiruke!" Wahenga wamesema, manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Mwalimu hakusema neno. Alipapasa chini ya ubao wa tezi, akapata kisu mahali alipokiweka yeye mwenyewe, maana ilikuwa imeandikwa katika daftari lake. Alikata demani kwa mkato mmoja. Tanga likaruka likapigapiga kwa ngurumo. Foromali ikazunguka ikagonga mlingoti, ikapasuka. Na mashua ikainuka taratibu, imejaa maji mpaka nusu, kama mtu aliyefufuka.

Tulitua tanga, tukafua maji kwa upo na kwa sufuria ya chakula. Katika kufua, mmoja wetu alimwuliza mwalimu kama ajua kuogelea. Alijibu, "La." Hatukuwa tumemwuliza kabla ya kuondoka. Tulikuwa tumemchukua mtu asiyejua kuogelea, bila kitu chochote cha kuelea, na siku nzima hapana aliyekumbuka kumwuliza. Jambo hili lilituumiza kuliko foromali.

Kwa rehema ya Mungu na kwa amri ya kwanza ya mzee, maji yalikuwa yamekwisha kukauka na kuanza kujaa. Kama tungalitoka wakati mwingine, mkondo ungalituchukua kwenye mawimbi ya mlangoni, nasi hatuna tanga. Lakini kwa kuwa tulikuwa tumetii amri ile moja, mkondo uleule ulituchukua kurudi nyumbani, nasi tukipiga makafi, hatuna la kusemezana, mpaka taa za mji zikaanza kuonekana.

Mzee alikuwa amesimama pwani. Hakutuuliza kitu mpaka sote tumeshuka. Aliipapasa foromali, kisha akaishika ile kamba, akaitazama mahali ilipokatwa.

"Nani aliyeikata?"

"Mimi, mzee," mwalimu alijibu.

"Na nani aliyeifunga?"

Tulitazama chini. Aliyeifunga alifungua kinywa, lakini kabla hajasema, mwingine wetu alijibu, "Sisi, mzee. Mmoja alifunga, na watatu walitazama." Mzee alinyamaza kitambo. Halafu akasema, "Afadhali. Mngenitajia mtu mmoja, nisingewapa mashua tena."

Kwa siku tisa mashua ile ilikaa mchangani, na kwa siku tisa mzee hakupata nauli ya mtu hata mmoja. Tulikwenda Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo upande wa pili wa kisiwa, tukanunua mti mwingine wa foromali kwa fedha zetu. Tulimlipa mzee siku zake tisa, ingawa alikataa mara mbili kabla ya kupokea mara ya tatu. Fedha hizo tulizichanga sawasawa, mwalimu naye akatoa fungu lake. Tulimwambia, "Wewe huna kosa, wewe ndiwe uliyetuokoa." Akajibu, "Nami pia nilitazama. Mgeni aliyeandika amri katika daftari lake, kisha akaiona inavunjwa akanyamaza, ana kosa kama wenyeji."

Siku ya kumi tulitoka tena, na mzee mwenyewe akiwamo. Alimwita yule aliyefunga demani, akamweka tezi, akampa kamba ileile iliyoungwa, na fundo la kuunga likionekana. Akamwambia, "Shika." Alasiri nzima hakumpa mwingine. Upepo ulipozidi, mkono ulilegea. Upepo ulipopungua, mkono ulivuta. Jua liliposhuka, mzee akasema, "Sasa umekuwa na masikio."

Basi, wasikilizaji wetu, yapo mambo matano ambayo twataka myashike, enyi mlio kando ya bahari, na ninyi pia mlio kando ya maziwa makubwa ya Nyanza, Tanganyika na Nyasa, ambako upepo hushuka kwa ghafla vilevile.

Kwanza, chombo kilicholala miezi ya upepo mkali kisishushwe majini kabla ya kutazamwa ubao kwa ubao, kamba kwa kamba, na tanga lote. Siku za kwanza za majira mema ndizo zenye hatari, maana chombo kimekauka, na mikono ya watu imesahau.

Pili, ulizeni habari za maji kujaa na kupwa kabla ya kuuliza habari za upepo. Upepo waweza kukuacha, maji hayakuachi.

Tatu, kila atakayepanda aulizwe kama ajua kuogelea, na kila mtu awe na vazi au kitu cha kuelea, ajuaye na asiyejua. Na chombo kikipinduka, kishikeni, msikiache. Chombo cha mbao hakiendi chini upesi, na kichwa cha mtu peke yake katikati ya maji ni vigumu kuonekana.

Nne, demani ya chombo kidogo haifungwi. Kama mkono umechoka, mpe mwenzio. Upepo ukipiga kwa nguvu, legeza demani na uelekeze omo penye upepo, ndipo ufikiri.

Tano, nalo ndilo kubwa kwetu sisi: uonapo kosa chomboni, sema. Usimwonee haya rafiki, wala usingoje mkubwa aseme, wala usidhani kwamba ugeni wako wakunyima haki ya kusema. Nahodha mwema hushukuru kuambiwa. Nahodha asiyependa kuambiwa, usipande chombo chake. Wahenga walisema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Nasi twaongeza kwamba asiyejua bado jina la kamba anaweza kuwa ndiye pekee anayekumbuka mahali kisu kilipo.

Mwalimu wetu sasa huogelea. Tulimfundisha wenyewe, katika maji ya kiuno karibu na Shela, naye alitufundisha kuandika amri katika daftari. Kila mwaka demani ikiingia, kabla ya kutweka tanga, mmoja wetu husoma amri zile kwa sauti, na wengine husikiliza, ingawa sote twazijua kwa moyo. Mtu apitaye pwani huenda akacheka. Na acheke. Pale tezini iko kamba moja yenye fundo la kuunga, nasi hatujaibadili mpaka leo.

Kwaherini, wasikilizaji wetu; na wale watakaotoka baharini kesho, Mungu awape upepo mwema.